Anza na Kikapu cha Maharagi: Mwongozo wa Kujifunza Mageuko ya Viumbe Ukiwa Hombo

Mwanafunzi wa sekondari hapa Hombo akifika kwenye somo la mageuko ya viumbe, kitabu humpeleka mbali: visiwa vya Galapagos, ndege wenye midomo ya namna namna, nondo wa Uingereza. Ananakili, anakariri kwa ajili ya Exetat, na mtihani ukipita somo nalo linapita. Inaniuma, kwa sababu ni sehemu chache sana duniani ambako ushahidi wa mageuko uko karibu na watu kama pande hizi za Walikale na Masisi. Upo shambani, upo sokoni, upo kwenye damu yetu, na upo kwenye msitu unaoanzia pale nyumba za kijiji zinapoishia.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi asiye na maabara. Tafuta vikombe viwili vitatu vya maharagi ya mchanganyiko, shingo ya mbuzi, bawa la kuku, daftari, na wenzako wanne au watano walio tayari kuhesabu bila kudanganya. Shauri langu la kwanza, na ndilo ninalolishikilia kuliko yote: usianze na habari ya mtu na nyani. Somo likianzia hapo, darasa linagawanyika kabla halijaelewa lolote. Huyu anatetea dini yake, yule anatafuta ubishi, na hakuna anayejifunza. Anza na vitu ambavyo mtu hawezi kukukasirikia ukivihesabu. Mtu na jamaa zake tutawafikia, lakini kwa zamu yao.

Kwanza shika maana. Mageuko ni mabadiliko ya sifa za kurithiwa katika kundi la viumbe, kizazi baada ya kizazi. Tia mstari chini ya neno "kundi". Kiumbe mmoja hageuki. Haragi jeupe likikaa ghalani miaka mitano litabaki jeupe, au litaoza. Kinachogeuka ni hesabu: mwaka huu meupe yalikuwa mengi, mwaka kesho machache, na baada ya miaka kadhaa hakuna. Wanafunzi wengi hupoteza alama kwa kutoelewa jambo hili moja, kisha wanadhani somo zima ni gumu.

Kazi ya maharagi

Akina mama wa milimani Kivu wana desturi ya zamani ya kupanda maharagi yaliyochanganywa: mekundu, meusi, meupe, ya njano, yenye madoadoa, makubwa kwa madogo, yote kwenye shamba moja. Ukinunua sokoni, nunua hayo. Chagua 100, kila rangi 20. Yamwage kwenye udongo mwekundu ulio wazi, eneo la hatua mbili kwa mbili. Wenzako ndio ndege. Kila mmoja anaokota haragi moja, analipeleka kwenye bakuli lililowekwa pembeni, anarudi kuokota jingine. Asichague rangi aipendayo. Achukue la kwanza analoliona. Mkifikisha 75, simamisha kazi.

Sasa tafuta yale 25 yaliyobaki, uyatenge kwa rangi na kuyaandika. Kila lililobaki limezaa watoto watatu wa rangi yake. Kama mekundu yamebaki 9, ongeza mekundu 27, yawe 36. Fanya hivyo kwa kila rangi, na jumla itarudi 100. Mwaga tena, okoteni tena. Vizazi vitatu au vinne vinatosha. Kwenye udongo mwekundu tegemea meupe yapungue upesi na mekundu yaongezeke. Halafu anza upya kabisa, safari hii chini ya miti, kwenye majani makavu, uone kama washindi watakuwa wale wale.

Hapo umeuona uteuzi wa asili, ambao Charles Darwin na Alfred Russel Wallace waliutangaza kwa pamoja London mwaka 1858, na Darwin akaueleza kwa kirefu katika kitabu chake cha 1859. Umetimiza masharti yake yote. Viumbe wa kundi moja wanatofautiana. Tofauti hizo zinarithiwa. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaobaki. Na kubaki hakutokani na bahati tupu, kwa kuwa rangi ilisaidia au ilidhuru. Tazama pia kwamba hakuna haragi lililojitahidi kuwa jekundu, na kwamba rangi iliyoshinda kwenye udongo haikuwa na ubora wowote nje ya udongo ule.

Usiyarudishe maharagi sufuriani bado, kwa maana kazi ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi. Tia maharagi 100 ya rangi tano kwenye mfuko, fumba macho, toa 25. Hayo ndiyo yaliyobaki. Yaongezee watoto kama mwanzo, rudisha mfukoni, toa tena. Hapa hakuna ndege wala udongo, hakuna rangi yenye faida, na bado hesabu itabadilika. Kundi lako litapata meusi mengi, kundi la jirani litapata ya njano. Rudia kwa kuanza na maharagi 20 na kubakiza 5 tu kila kizazi: baadhi ya rangi zitatoweka upesi sana, bila kosa lolote. Hayo ni mageuko ya bahati, nayo huwa na nguvu kubwa katika makundi madogo. Vitabu vingi vya shule huyapitia kwa mstari mmoja. Usiyapuuze, kwa sababu tutayahitaji tukifika kwa gorila.

Maharagi yenyewe yana historia inayofaa kuandikwa daftarini. Asili yake ni Amerika. Walioyafuga kwa mara ya kwanza walikuwa wakulima wa Meksiko na wa milima ya Andes, kila upande kwa wakati wake, na Afrika yalifika kwa njia ya Wareno kuanzia karne ya 16. Haragi la mwituni lina punje ndogo, na ganda lake likikauka hupasuka na kurusha mbegu mbali. Mkulima huvuna yale yasiyopasuka, maana yaliyopasuka yameshamwagika chini, na hayo yasiyopasuka ndiyo anayoyapanda msimu ujao. Kwa miaka maelfu, mikono ya wakulima imefanya kazi ile ile waliyofanya ndege wako. Mama anayetenga mbegu jikoni kwa kuangalia ukubwa wa punje na upesi wa kuiva anaendesha mageuko, na mbegu za mchanganyiko alizoziweka ni akiba: mvua ikizidi na mizizi ya aina moja ikaoza, aina nyingine itasimama.

Migomba, mihogo na magonjwa yanayobadilika

Mgomba hauna akiba hiyo. Hauzai kwa mbegu. Tunahamisha machipukizi, na chipukizi ni nakala ya mama yake. Mwaka 2001 ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaoletwa na bakteria ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Kongo, na mahali ulipotambuliwa ni Masisi. Dalili zake unazijua: majani yanalegea na kuwa ya njano, ua dume linasinyaa, ndizi zinaiva kabla ya wakati, na ukikata shina unatoka uteute wa njano. Bakteria huyu alikuwa ameshaelezwa Ethiopia tangu miaka ya 1960, kwenye mmea ulio jamaa ya mgomba. Kwetu alikuta mashamba yaliyojaa nakala, na hakuna hata aina moja ya ndizi tunazokula iliyo na kinga kamili. Anayekata mgomba mgonjwa kisha akaenda na panga lile lile kwenye mzima amempelekea bakteria shamba jipya. Ndiyo sababu unaambiwa upitishe panga motoni.

Wanasayansi waliposoma DNA ya bakteria hao waliochukuliwa nchi mbalimbali, waliona matawi mawili: moja la Kongo na Rwanda, jingine la Uganda, Kenya, Tanzania na Burundi. Matawi yale hujulikana kwa makosa madogo ya kunakili, yanayorithiwa kutoka bakteria mzazi kwenda kwa mtoto. Wenye makosa yale yale wana mzazi mmoja wa karibu. Kwa njia hiyo unaweza kujua ugonjwa wa Masisi ni ndugu wa ugonjwa wa wapi, bila shahidi aliyeuona ukivuka mpaka. Kumbuka namna hii ya kufikiri, kwa sababu ndiyo ile ile inayotumika kupanga ukoo wa twiga, sokwe na mtu.

Mihogo ina kisa chake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali sana ilizuka Uganda, ikasambaa hadi huku kwetu kwenye maziwa makuu. Ilipochunguzwa, ikaonekana kwamba virusi viwili tofauti vya batobato vilikutana ndani ya mmea mmoja na kubadilishana vipande vya DNA, kikazaliwa kirusi kipya. Ukitaka kazi ya shambani, omba ruhusa kwa mwenye shamba lililopandwa aina mbili tatu za mihogo. Kagua mashina 50 ya kila aina. Andika mangapi yana majani yaliyojikunja yenye mabaka ya njano, na mangapi hayana. Tofauti kati ya aina moja na nyingine ndiyo mali ghafi ya mageuko.

Kwa watu, mfano mpya kabisa ulitokea Kamituga, huko Mwenga, Kivu ya Kusini. Mwaka 2023 madaktari waliona mpox ikienea kati ya watu wazima kwa njia ambayo haikuwa ya kawaida. DNA ya virusi ilikuwa na aina ya mabadiliko ambayo vimeng'enya vya mwili wa binadamu huyaacha kwenye virusi hivi, ikawa ushahidi kwamba vilikuwa vikipita kutoka mtu hadi mtu, wala si kila mgonjwa kuambukizwa na mnyama wa msituni. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa. Mageuko ya miaka michache, yaliyosomwa kwa herufi, umbali wa safari ya gari kutoka hapa.

Malaria, klorokini na damu ya AS

Waulize wazee kuhusu klorokini. Watakwambia ilikuwa dawa chungu ya kila nyumba, na kwamba ilifika wakati ikawa haishushi tena homa. Kilichotokea hakikuwa dawa kuchoka. Miongoni mwa vimelea vya malaria walikuwepo wachache wenye badiliko katika jeni moja, badiliko lililowawezesha kuitoa dawa nje ya sehemu inakofanyia kazi. Dawa iliwaua wengine, ikawaachia hao nafasi. Usugu huo ulizuka Asia ya kusini-mashariki, ukaonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970, ukaenea. Kongo iliiacha klorokini mwaka 2001, na mwaka 2005 ikachukua dawa mseto zenye artesunate.

Nakuomba utazame Malawi kwa makini, kwa sababu ndiko jaribio lilikokamilika. Malawi iliacha kutumia klorokini mwaka 1993. Baada ya miaka michache, vimelea vyenye badiliko lile vikawa adimu mpaka vikatoweka kwenye vipimo, na klorokini ilipojaribiwa tena kwa watoto ilitibu karibu wote. Kwa nini? Badiliko lile lina gharama kwa kimelea. Dawa ikiwepo, gharama inalipa. Dawa ikiondoka, mwenye badiliko anashindwa na wenzake. Mwanafunzi akielewa Malawi ameelewa kwamba mageuko hayana safari ya kupanda ngazi kuelekea juu. Yanafuata mazingira, na mazingira yakirudi nyuma nayo yanaweza kurudi.

Jirani zetu nao wana habari isiyofurahisha. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba nchini Rwanda kuna vimelea vyenye badiliko linalopunguza nguvu ya artemisinin, na vimelea hivyo havikuja kutoka Asia; badiliko lilizuka huku huku. Badiliko la namna moja linaweza kuzaliwa mara mbili, mahali pawili, kama dawa ni ile ile. Ukipewa dawa mseto kituo cha afya, imalize yote. Kipimo pungufu huacha vimelea vyenye usugu wa nusu nusu viendelee kuzaana.

Sasa upande wa pili wa vita hivi, yaani damu yetu. Ugonjwa wa drepano, tunaouita SS, unatokana na kubadilika kwa herufi moja tu katika jeni ya hemoglobini. Mtoto aliyerithi badiliko hilo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama ana SS, anateseka kwa maumivu ya mifupa na upungufu wa damu. Aliyerithi kutoka kwa mzazi mmoja ana AS, na kwa kawaida ni mzima. Wazazi wote wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS, 2 kati ya 4 ya kuwa AS, na 1 kati ya 4 ya kuwa AA.

Swali ni hili: jeni inayoua watoto inabakije katika jamii? Kwa uteuzi wa asili ilipaswa kuisha. Jibu lilitolewa mwaka 1954 na daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya na kufanya utafiti wake Afrika Mashariki. Aliona kwamba AS ni wengi katika jamii za pwani na za kandokando ya Ziwa Victoria, ambako malaria ni kali, na ni wachache kwenye nyanda za juu zenye baridi. Kisha akaonyesha kwamba mtoto wa AS anakingwa kwa sehemu dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo penye malaria, AA yuko hatarini kwa mbu, SS yuko hatarini kwa damu yake, na AS anapita katikati. Jeni inabaki kwa sababu ya AS.

Ukishaielewa hesabu hiyo, itumie kwa heshima. Darasani kwenu huenda yupo ambaye ndugu yake ana SS. Hakuna laana, hakuna uchawi, hakuna mzazi wa kulaumiwa. Na ukifika umri wa kuchumbia, kipimo cha damu kabla ya ndoa ni jambo la busara.

Shingo ya mbuzi na habari ya okapi

Nenda bucha, omba shingo nzima ya mbuzi baada ya nyama kutolewa, uichemshe mpaka mifupa iachane. Hesabu pingili. Zitakuwa 7. Ya kwanza ni pana kama pete nene na ndiyo iliyobeba fuvu. Ya pili ina jino lililochomoza, ambalo kichwa huzungukia. Wewe pia una pingili 7 shingoni. Twiga ana 7, kila moja ndefu kuliko kiganja chako. Popo ana 7. Wanyama wanyonyeshao karibu wote wana 7, iwe shingo ni ndefu au fupi. Sasa fanya hivyo kwa kuku: utapata zaidi ya 7, maana ndege ni wa ukoo mwingine. Kama kila mnyama angetengenezwa peke yake kwa mahitaji yake, twiga angefaa kuwa na pingili nyingi zaidi. Alirithi 7 kutoka kwa wazee wake, na uteuzi ukazirefusha zilizokuwepo.

Bawa la kuku ni somo la chakula cha jioni. Ukilila, usivunje mifupa. Kuna mfupa mmoja kutoka begani, kisha miwili iliyo sambamba, kisha vifupa vya kifundo na vidole vilivyoungana. Pima na mkono wako: mmoja, miwili, kifundo, vidole. Mguu wa mbele wa mbuzi una mpango huo huo. Popo vilevile, lakini huyo mtazame kwenye picha tu. Kivu ya Kaskazini iliomboleza watu zaidi ya 2,200 kwa Ebola kati ya 2018 na 2020, pamoja na Ituri. Usimguse popo, wala mnyama uliyemkuta amekufa, kwa ajili ya somo lolote.

Okapi ni mnyama wa Kongo peke yake, na jina lake unalisikia kila siku redioni. Wenyeji wa msitu walimjua tangu zamani. Wazungu walipata vipande vya ngozi yake tu, na mwaka 1901, kwa kuona ile milia, mtaalamu wa London alimwandika kuwa ni aina ya punda milia. Mwaka huo huo Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Uingereza huko Uganda, alipata ngozi nzima na mafuvu. Mafuvu yakasema mengine: meno yake yalimweka kwenye ukoo wa twiga. Miaka 115 baadaye DNA ilisomwa, ikathibitisha kwamba twiga na okapi wana mzee mmoja aliyeishi yapata miaka milioni 11 hadi 12 iliyopita. Mifupa na herufi za DNA ni mashahidi wawili wasiojuana, na walitoa ushuhuda mmoja.

Mito, sokwe na gorila

Sasa tumefika. Maji ya Walikale hushuka na mto Lowa hadi Lualaba, na Lualaba ndio mto Kongo. Sokwe na bonobo hawaogelei. Sokwe wanaishi upande wa kulia wa mto, ambao ni upande wetu. Bonobo wanaishi upande wa kushoto peke yake. Walikuwa kundi moja. Wachache walivuka, labda wakati wa ukame mto ulipopungua, na tangu hapo hawakuchanganyika tena kwa muda wa miaka milioni moja hadi mbili. Leo ni spishi mbili: sura zinakaribiana, tabia zinaachana sana. Spishi mpya mara nyingi huzaliwa hivyo, kundi likitengwa na mto, mlima au ziwa, kila upande ukiendelea na uteuzi wake na bahati yake.

Gorila wa misitu hii, kuanzia Kahuzi-Biega kupitia Walikale hadi Maiko, ni gorila wa Grauer. Hayupo katika nchi nyingine yoyote duniani. Ndugu yake wa karibu ni gorila wa milimani, wa Virunga na Bwindi, mwenye manyoya marefu zaidi ya kuhimili baridi. Makadirio ya mwaka 2021 yanataja gorila wa Grauer wapatao 6,800, wakati katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Hapa ndipo kazi ya mfuko inarudi. Watafiti walilinganisha DNA ya gorila waliohifadhiwa makumbusho kwa takriban miaka 100 na DNA ya walio hai. Gorila wa Grauer wamepoteza sehemu ya utofauti wao wa kijeni, na mabadiliko yenye madhara yameongezeka. Ukimuua gorila mmoja katika kundi dogo, unaweza kuwa umeondoa rangi ambayo haimo tena mfukoni.

Na mtu? Mtu hakutoka kwa sokwe, kama wewe usivyotoka kwa binamu yako. Wewe na binamu yako mna babu mmoja. Mtu na sokwe walikuwa na mzee mmoja, aliyeishi yapata miaka milioni 6 hadi 7 iliyopita, ambaye hakuwa mtu wala hakuwa sokwe wa leo. Anayeuliza kwa nini sokwe bado wapo, muulize kwa nini binamu zake bado wapo.

Ushahidi mmoja nauona una nguvu kuliko mingine. Sokwe, bonobo na gorila wana kromosomu 48. Mtu ana 46. Kama tuna mzee mmoja, jozi moja imekwenda wapi? Wanasayansi wakitazama kromosomu ya pili ya binadamu wanaona zile alama zinazopaswa kukaa ncha za kromosomu, zikiwa katikati, na wanaona masalio ya sentromea ya pili, kiungo ambacho kromosomu ya kawaida huhitaji kimoja tu. Kromosomu mbili za wazee wetu ziliungana zikawa moja. Nadharia ilitoa utabiri ambao ungeweza kushindwa, na haukushindwa.

Usitafute visukuku vya kale Walikale. Udongo wa msitu wa mvua una asidi, mifupa huyeyuka. Vimehifadhiwa mahali pakavu au penye majivu ya volkano: nyayo za Laetoli huko Tanzania, zilizopatikana mwaka 1978, zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi na zinaonyesha viumbe waliotembea wima; kijana wa Turkana, ambaye Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande chake cha kwanza mwaka 1984, ana takriban miaka milioni 1.5. Katika jimbo letu, Ishango kwenye Ziwa Edward imetoa zana za watu kama sisi, ukiwemo mfupa maarufu wenye michoro inayodhaniwa kuwa ya hesabu, wa yapata miaka 20,000.

Kanisani na kwenye karatasi ya mtihani

Shule zetu nyingi ni za Kanisa, Katoliki au Protestanti, na mwanafunzi anaweza kuogopa kwamba anasoma dhidi ya imani yake. Papa Pius XII aliruhusu utafiti huu mwaka 1950, na Yohane Paulo II aliandika mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya dhana ya kujaribia. Wapo Wakristo na Waislamu wasiokubali, na una haki ya kuzungumza nao kwa adabu. Usishinde ubishi nyumbani kwa kumfedhehesha mzazi. Mwonyeshe hesabu zako za maharagi, kisha kisa cha Malawi, umwachie nafasi ya kuuliza.

Kwenye mtihani, kosa la kawaida ni kuandika kana kwamba kiumbe alikusudia: twiga alinyoosha shingo mpaka ikarefuka, kimelea kikajifunza kuishinda dawa. Hilo ni wazo la Lamarck kuhusu sifa zinazopatikana maishani, na mwalimu atalikata. Andika hivi: katika kundi walikuwepo wenye tofauti, tofauti hiyo ilirithiwa, wenye nayo waliacha watoto wengi zaidi katika mazingira yale, kwa hiyo sehemu yao katika kundi iliongezeka. Ukiombwa ushahidi, usitaje Galapagos tu. Toa jeni ya AS na ramani ya malaria, toa pingili 7 za twiga, toa kromosomu ya pili. Na ukiombwa kueleza jinsi spishi mbili zinavyotokana na moja, chora mto Kongo, weka sokwe kulia na bonobo kushoto, andika muda, kisha andika neno "kutengana" juu ya mto.